Mjumbe Aliyemaliza Ugali wa Misima

Habari hii nilipewa na Mwaija mwenyewe, mchuuzi wa kuku wa Misima, siku mbili baada ya Maulidi ya mwaka huu, tukiwa tumekaa tunachambua kunde. Palipopungua nilimwuliza mjumbe mwenyewe, Bwana Mhina. Hakunificha kitu, ingawa muda wote alizungumza akitazama chini.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili, lori linasimama mbele ya kambi ya mkonge, upande wa Korogwe. Anashuka mwanamume aliyevaa koti lake la safari ya Dar es Salaam. Anapokea tenga la kuku, anajitwisha, na manyoya yanamwangukia begani. Nyuma yake anashuka Mwaija, mikono mitupu, kama mgeni katika soko lake mwenyewe.

Wakata mkonge leo hawana kazi, wamekaa kwa Efrazia wanakunywa togwa. Wanageuka. Yule mwenye tenga wanamjua: ni Bwana Mhina, fundi cherehani wa Mnyuzi, mjumbe wetu katika Baraza la Kutunga Sheria.

"Bwana Mjumbe," anasema Efrazia bila kuinuka, "siku hizi Serikali inawapa kazi ya kuku?"

"Nimejipa mwenyewe, mama."

Efrazia anamtazama Mwaija. "Kumbe na Mama Ndiga yupo."

Watu wanacheka. Mwaija anavuta kanga usoni.

Jina hilo alibandikwa mwaka huu, na aliyelileta ni huyo huyo aliyebeba tenga.

Mwaka jana mvua za vuli zilipita Handeni bila kushuka. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Kuku walikuwepo, na kambini wanunuzi walikuwepo, jogoo shilingi mbili. Unga nao ulikuwepo katika maduka ya Korogwe. Lakini ilitoka amri kwamba unga usivuke daraja kwenda Handeni bila cheti, na cheti mtu wa kawaida hakukipata. Mwaija aliuza kuku wake, akarudi nyumbani na fedha katika pindo la kanga, na watoto wanamngoja na njaa yao.

"Shilingi haipikiki," anasema.

Walichokula ni ndiga, mizizi ya porini. Ndiga ina sumu. Inakatwa vipande, inalowekwa katika maji yanayopita siku kadhaa, ndipo iingie chunguni. Kila nyumba ya Misima ilikula ndiga, na kila nyumba ilificha. Watu walipikia nyuma ya nyumba, na jirani akipita, kila mmoja alijifanya hasikii harufu.

Bwana Mhina alifunga cherehani yake akaenda kuona. Ni mtu wa kwenda kwa miguu, hilo hakuna anayemnyima. Kule Misima alipelekwa kwa Mwaija, kwa kuwa ndiye ajuaye habari za daraja. Mgeni ni mgeni. Mwaija alichinja kuku, akakung'uta kibuyu cha unga alichokuwa amekificha darini kwa ajili ya ugonjwa, akasonga ugali. Kisha akamwacha mgeni akapumzike, naye akaenda kisimani kuchota maji ya kunawa.

Hapo ndipo Bwana Mhina alipozunguka nyuma ya nyumba. Alikuta chungu jikoni, na watoto wamekizunguka, mkubwa wao Tatu. Akafunua kifuniko. Akaona ndiga. Akafunika, akarudi mkekani.

Wenyeji wa huku tunajua kwamba mgeni habakizi kwa sababu ameshiba. Hubakiza kwa sababu ya watoto. Anayefuta sahani amewafuta wao. Bwana Mhina amelelewa hivyo hivyo.

Baraza lilipokutana Dar es Salaam alisimama akaisema amri ya daraja. Alisema vizuri sana. Alisema kuna mama Misima, jina lake Mwaija, na kwamba yeye mjumbe alifunua chungu cha mama huyo akakuta wanakula chakula cha nguruwe mwitu. Wazungu waliacha kunong'onezana. Haikupita muda mrefu amri ikaondolewa.

Gazeti likachapa maneno yale. Kambini Ponsiano, mkata mkonge ajuaye kusoma, aliwasomea wenzake kwa sauti. Tangu siku hiyo Mwaija akawa Mama Ndiga. Wakasema kuku wake wameokota maganda ya ndiga, nyama yao ina sumu. Alirudi Misima na tenga limejaa kama lilivyokuja. Daraja limefunguliwa, na yeye hana fedha ya kununulia unga wa kuvusha. Hakurudi tena kambini.

Bwana Mhina hakuyajua hayo. Alipanda lori kwenda Misima akitegemea vigelegele. Alimkuta Mzee Mwinjuma, baba mkwe wa Mwaija, amekaa mlangoni anasuka kamba.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliitika marahaba, akaendelea kusuka. Hakumpa kiti. Mjumbe alisimama juani, akaeleza jinsi amri ilivyoondolewa. Ndipo Mwaija akatoka ndani.

"Bwana Mhina, sikukuzuia kusema njaa yetu. Njaa ni ya Mungu. Lakini ulichokiona ulikisema, na ulichokila ulikificha. Sasa nchi nzima inajua Misima wanakula ndiga. Nani anajua kwamba Misima walikupa ugali?"

 Mjumbe aliahidi kulisema hilo katika Baraza, kikao kijacho.

"Huko Dar es Salaam hakuna anayenunua kuku wangu," Mwaija akamwambia. "Kaseme kambini."

Ndiyo maana Jumapili hii yupo hapa, tenga liko chini, na watu wanacheka.

"Wala msimcheke yeye," anasema Bwana Mhina. Sauti yake ni ndogo, si ile ya barazani, na watu wanasogea ili wasikie. "Nilifunua chungu cha mama huyu mwenyewe hayupo. Nikaona watoto wake wanakula nini. Kisha nikarudi nikaketi, akaniletea kuku na unga wake wa mwisho. Nikala."

"Ukabakiza?" anauliza Ponsiano.

"Sikubakiza."

"Hata kombo?"

"Hata kombo. Nilikuwa na njaa ya safari, na kuku alinukia. Niliwasikia watoto nyuma ya nyumba, nikaendelea kula. Hayo gazeti halikuyachapa kwa sababu sikuyasema."

Hakuna anayecheka. Mzee mmoja wa kambi anatema mate pembeni, Bwana Mhina anayaona, na hasogei.

Efrazia ameinuka. Anapiga magoti kwenye tenga, anapapasa kifua cha jogoo mwekundu kama anunuaye afanyavyo, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Huyu bei gani," anasema bila kuinua macho, "Mama Tatu?"

Mwaija anataja bei. Efrazia anasema ni ghali. Wanavutana, kama zamani.

Kabla ya adhuhuri tenga lilikuwa tupu. Mwaija na mjumbe walinunua unga, wakavuka daraja wakiwa juu ya lori, na askari hakuuliza kitu. Mjumbe alikuwa amebeba mfuko magotini, vumbi la unga likachanganyika na manyoya ya kuku kwenye koti lile.

Jioni hiyo hapakuwa na lori la kurudi. Mwaija alisonga ugali, akautenga mkekani na bakuli la mchuzi, vyote vimefunikwa, akaenda kuchota maji. Alikawia makusudi, anakiri. Aliporudi alimkuta mgeni amekaa na mikono juu ya magoti, kifuniko hakijaguswa. Akafunua mwenyewe. Bwana Mhina akaomba watoto waje kwanza. Tatu akaja na wadogo zake, wakala naye sahani moja, na yeye akanawa mikono chakula kingali kingi.

Kabla ya kwenda kulala alimwambia Mzee Mwinjuma kwamba Baraza likikutana atasimama aueleze ule ugali. Watacheka, alisema, na waandishi wa gazeti labda hawatauchapa. Atausema hivyo hivyo. Mzee akamwitikia "haya", akampa kitanda chake cha kamba.

Watoto walilala kwanza, kisha mzee. Mwaija alibaki anasikiliza kile kitanda chini ya mgeni kikilia upande huu, kikilia upande ule. Kilipokuja kunyamaza, naye akavuta shuka, akalala.