Kuku wa Lamusa

Mke wangu Lamusa alipokufa aliniachia kuku na mwiko. Kuku alinijua. Mwiko haukunijua.

Ugali wangu wa kwanza ulikataa kutoka chunguni. Niliinamisha chungu, nikakipiga makalio, ukatoka mzima kama tofali. Nikamtupia kuku kipande. Alidonoa mara moja, akanitazama kwa jicho moja, akaenda kulala pale uani, kando ya ghala, juu ya kaburi la Lamusa. Kama anakwenda kushtaki.

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Hata mazishini sikucheka, na Bationo alijitahidi. Yeye Mgurunsi, mimi Mbisa, watani tangu babu zetu. Aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema hatoki mpaka aletewe karanga, maana sisi Wabisa hutaniwa kwa karanga zetu. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilitazama udongo tu.

Tangu hapo huja kila siku, jua likishapanda.

"Lengani! Mtumwa wangu! Upo?"

"Nipo, mla mbwa."

"Bahati mbaya. Nimekuja na jembe la kukuzika."

Anakaa, anamenya karanga zangu, anakula yeye. Mimi namsimulia yaliyonipata tangu alfajiri. Ya kuchekesha namwekea, kama mtu anavyomwekea mgeni nyama. Kicheko cha peke yako hakishibishi.

Asubuhi moja nilimega kokwa ya kola, ile chungu ya kutafuna. Nusu nikaweka mdomoni, nusu nikainyoosha upande aliokuwa akikaa Lamusa. Mazoea. Kuku akaidaka. Uchungu ulipompata alifuta mdomo chini, huku na huku, akapiga kelele kama bibi aliyetukanwa sokoni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Nilipogeuka, mwanangu Salfo alikuwa mlangoni. Ametoka Wagadugu kwa pikipiki, bila kuniambia.

"Baba, unacheka na nani?"

"Na kuku."

Ningesema uongo, siku ile ingekuwa nyepesi.

Aliingia jikoni, akaugonga ugali wangu kwa kidole. Ukalia. Alipotoka alikuwa na mkeka wangu, blanketi langu na birika. Akavifunga mzigo mmoja. Kuku akamfunga miguu.

"Leo tunaondoka. Mtu akianza kucheka peke yake, baba, haachwi peke yake."

"Siendi. Mama yako yuko hapa."

"Mama mwenyewe angesema nikuchukue."

Nilikaa nikamtazama kuku aliyefungwa. Naye alinitazama. Safari hii hakuna aliyechekesha.

Bationo alifika wakati wake. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja akakalia mzigo.

"Nani anahamisha mtumwa wangu?"

"Shikamoo, mzee," alisema Salfo. "Tafadhali, leo si siku ya utani."

"Utani una siku ya kupumzika? Nililala kaburini kwa mama yako, leo nishindwe kukalia birika?"

"Mzee, baba amerukwa na akili. Nimemkuta anacheka na kuku."

"Ulitaka acheke na nani? Mke wake yule pale amelala. Mimi miguu yangu hunifikisha jua likiwa juu. Kabla ya hapo acheke na nani? Na wewe?"

Salfo aligeuka akatazama pikipiki yake.

"Huko kwako wewe uko kazini mchana kutwa," Bationo alisema. "Mkeo yuko sokoni. Atamtukana nani? Atatukanwa na nani? Mtumwa asiyetukanwa hufa haraka, hasara ni yangu. Haya, unamtaka? Nilipe. Karanga za Wabisa wote. Mpaka za mbegu."

Salfo alijizuia kucheka. Mabega yakamsaliti.

"Mzee, hizo hata Mungu hapewi."

"Basi fungua kuku."

Mtani hakasirikiwi, wala akidai hasukumwi. Salfo alifungua kuku, kisha mzigo. Mkeka aliurudisha mwenyewe mahali pake. Kabla ya kuwasha pikipiki alisimama kidogo kaburini kwa mama yake, akarudi kwangu.

"Baba, angalau jifunze kupika."

"Ndiyo."

Alipokwenda, Bationo alidai chakula, maana kuokoa mtumwa kunachosha. Nikamletea ugali. Alitafuna. Akatafuna tena. Akageukia kaburi.

"Lamusa, dada yangu, nisamehe. Nilidhani umekufa. Kumbe ulikimbia."

Nilicheka mpaka machozi. Kuku alikuwa amesharudi kulala pale pale.