Mwizi wa Mahindi Yake

Mwizi wa kwanza niliyemfahamu kwa karibu alikuwa mama yangu mzazi, na shahidi aliyemtia hatiani nilikuwa mimi. Nalisema mapema kwa sababu sina subira tena ya kulizungukazunguka. Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri wa sosholojia alitumia wiki nzima kutueleza kwamba kosa si kitendo peke yake, ni pia jina ambalo wenye sauti hukipa kitendo hicho. Wenzangu waliandika, wakapigia mstari. Mimi nilikaa nimenuna. Safari yote ile ya basi, kumbe nimekwenda kuambiwa jambo ambalo mama alifundishwa Jumapili moja akiwa amekaa mkekani.

Kwetu ni kijiji kimoja jirani na Laela, ambako mwezi wa Juni upepo unakata masikio. Mama ndiye aliyekuwa akilima. Sisemi kwamba baba hakulima kabisa. Alikuja shambani, akashika jembe, akaongea na wapita njia. Lakini yale matuta ya kufukia nyasi, yanayovunja mgongo, aliyainua mama. Kupanda mama, kupalilia mama na mimi, kuvuna mama na sisi watoto wote. Mahindi yakishaingia kihengeni, yanakuwa ya baba. Ni nani aliyeyabadilishia mwenyewe pale mlangoni, sijui mpaka leo.

Mwaka niliofaulu darasa la saba, biashara ya nafaka ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Malori yalijipanga barabarani Laela, wanunuzi wakidai magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yanaota kichwa kingine juu, na yeyote mwenye mahindi aliuza. Ilikuwa ruksa. Baba naye aliuza mengi, akanunua redio ya kaseti, akaiweka kwenye kigoda mbele ya nyumba ili kila apitaye ajue. Barua ya shule ya sekondari ilipokuja na orodha ya vitu vya kwenda navyo, tranka, mashuka, ndoo, fyekeo, aliisoma, akaikunja, akasema, "Asubiri mwakani. Shule haina miguu, haitakimbia." Nafasi ndiyo hukimbia! Asiyeripoti, jina lake linakatwa, anawekwa mwingine. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na yeye alilijua.

Mama hakubishana naye. Siku baba alipokwenda Sumbawanga mjini, alimwita jirani yetu Msukuma mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Tulijaza magunia mchana kweupe, watu wakituona na kutusalimu, tukaenda nayo Laela. Tulirudi na tranka ya bati ya bluu, na ndani yake vitu vyote vya kwenye orodha. Baba aliporudi akaiona, akachungulia kihengeni, kisha akatoka moja kwa moja kwenda kwa kaka yake.

Huyu baba mkubwa lazima nimweleze, ingawa kumweleza kunanipandisha presha. Enzi zile ambapo mahindi yaliuzwa serikalini tu, yeye aliyapitisha njia za porini mpaka mpakani. Akakamatwa kwenye kizuizi, akafungwa, na mikutanoni watu wa aina yake wakaitwa walanguzi na maadui wa wananchi. Alipotoka, masharti yalikuwa yamelegezwa. Akaendelea na kazi ileile, na watu walewale wakaanza kumwita mfanyabiashara. Kanisani akawa anakaa benchi la mbele. Sikatai, labda hata kufungwa kwake kulikuwa uonevu. Lakini ndiye aliyeitwa kumhukumu mama yangu. Nyani haoni kundule, na huyu wa kwetu alipewa na kiti.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwetu. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, mama kwenye mkeka peke yake. Tranka yangu iliwekwa katikati. "Hiki ni kidhibiti," akasema baba mkubwa, neno alilojifunzia mahakamani siku aliposimama kizimbani yeye mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

"Shemeji, mahindi uliyatoa au hukuyatoa?"

"Sijaiba," mama akajibu.

"Hatujasema umeiba. Tunauliza, uliyatoa?"

"Niliyalima mimi, shemeji. Sijaiba."

"Shamba ni la nani?"

Hapo mama akawa anavutavuta nyuzi za mkeka. Akaulizwa mara tatu, hakufungua tena mdomo. Ndipo wakaniita mimi.

Nilipiga magoti, nikamwamkia baba mkubwa shikamoo. Akaitikia kwa upole kabisa. "Marahaba, mwanangu. Wewe umefaulu, una akili, na umepata kipaimara. Sema kweli mbele ya Mungu. Ulimwona mama yako akitoa mahindi kihengeni?"

Nilikuwa na jibu zuri, nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi. Ningeanza na ukweli, halafu nieleze ile barua, halafu niseme nani alipalilia. "Ndiyo, baba mkubwa," nikasema, "hata mimi nilishika gunia, kwa sababu baba alikuwa..."

"Inatosha," akasema. "Umesema vizuri. Nenda ukakae."

Inatosha! Nimeishi na neno lile kama mwiba wa unyayoni. Kwa nini hakuulizwa Msukuma, aliyepakia na kulipwa? Kwa nini hakuulizwa mnunuzi wa Laela, kama kweli yale yalikuwa mali ya wizi? Baba mkubwa mwenyewe alikuwa akinunua mahindi kwa wake za watu kila wiki, kwa debe, kupitia mlango wa nyuma, na hao hakuwauliza ruhusa ya waume zao.

Hukumu ilikuwa fupi. Mama aseme mbele ya ukoo kwamba ameiba, atoe jogoo mmoja na mtungi wa pombe ya ulezi, yaishe. Akikataa, kesi iende polisi, na kidhibiti kiende pamoja naye. Shule ilikuwa ikifunguliwa Jumatano ya wiki ile.

Mama aliitazama tranka. Nilimwomba Mungu akatae. Nasema kweli, nilitaka asimame awatukane wote kwa Kifipa kama alivyojua akiwa shambani, hata kama ningebaki nyumbani nikichunga mbuzi. Akasema, "Nimeiba." Alisema polepole, na baba mkubwa akamwomba arudie kwa sauti ili na wa nyuma wasikie, naye akarudia. Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wao. Kisha akaenda jikoni, akachinja jogoo wake, akapika, akawapelekea, na firigisi akampa baba mkubwa kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka. Pombe aliipika mimi nikiwa nimekwisha kuondoka.

Yaishe, walisema. Hayakuisha. Niliporudi likizo nilikuta kikundi cha akina mama kimempokonya ufunguo wa stoo yao, kwa maneno matamu, eti apumzike. Jembe la mtu likipotea, watoto walitumwa kwanza kupita uani kwetu kuchungulia. Redio ya baba ilikuwa palepale kwenye kigoda. Baba hakuwahi kusikia neno lolote baya juu yake.

Nikamaliza shule, nikasomea ualimu, nikapangiwa kazi Sumbawanga mjini. Baba akafanya misa ya shukrani na karamu. Nilikuja na walimu wenzangu, watu wa mjini waliovaa vizuri, na walipofika walimsalimu mama kwa heshima hata akaona haya. Baada ya chakula baba alisimama. Akasema watoto wa kike nao wasomeshwe, wazazi wasiwe wagumu. "Huyu nimemsomesha kwa mahindi yangu," akasema, na watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga makofi, amesimama mlangoni na sinia kwapani.

Nilishindwa kujizuia. Nikasimama, nikasema mahindi yale alilima mama na aliuza mama, na kwa sababu hiyo alikalishwa uani hapahapa akaitwa mwizi, akalazimishwa kukiri mbele ya ukoo. Niliwataja waliokuwepo, mmoja mmoja. Safari hii hakuna aliyenikatiza, nikamaliza yote. Baba mkubwa akacheka, akasema hayo yalikwisha zamani, na redio ikafunguliwa.

Nilimfuata mama jikoni nikiwa nimejawa na fahari, nikitegemea anikumbatie. Alikuwa ameinama juu ya sufuria, anasugua masizi kwa majivu. Hakuinua kichwa.

"Wageni wako walikuwa hawajui," akasema. "Tangu asubuhi walikuwa wananiita mama mwalimu."