Lavonne na Masanduku ya Umeme

Kila alipopiga simu kwenye kambi ya mapumziko, Lavonne Hostetter hakuuliza kama kuna kivuli wala kama mabafu ni safi. Aliuliza, "Masanduku yenu ya umeme, ya kuchomekea trela, yako juu kiasi gani kutoka ardhini?" Wengine walimkatia simu. Mmoja, aliyekuwa akitafuna kitu, alimwambia aje na futi yake apime mwenyewe.

"Ningekuwa karibu ningekuja," Lavonne akamjibu, "na kwanza ningekufundisha kumeza kabla ya kuongea."

Mimi nilikuwa jikoni kwake nikimenya viazi vya saladi. Nimekuwa jirani yake kwa miaka ishirini na miwili, na jikoni pale nina kiti changu. Kabla ya kustaafu niliendesha basi la shule miaka ishirini na sita, kwa hiyo subira yangu yote niliimalizia kwenye watoto wa watu. Nikamwambia achague kambi yoyote tumalize habari.

"Dorothea, wewe unapumua mwenyewe," akasema. "Merle anapumua kwa waya."

Nikaendelea na viazi. Merle, mumewe, alikuwa sebuleni, na mashine ya oksijeni ikinguruma kando ya kiti chake. Ilichomekwa ukutani mchana na usiku. Akitaka kutoka nje alibebewa mtungi mdogo, na mtungi mmoja ulidumu saa mbili, si zaidi. Mwezi wa tatu daktari alikuwa amewaambia kwamba kama kuna mahali wanapenda kwenda, waende Juni, wasingoje majani ya miti yaanguke mwezi wa kumi. Lavonne alielewa. Merle naye alielewa, akavaa kofia yake na kusema, "Basi nipelekeni langoni."

Lango lenyewe ni Lango la Sita la Mto Killbrook, saa mbili kwa gari kutoka kwetu. Siku hizi pale ni bustani ya kihistoria: watu huenda na vikapu vya chakula, wakapiga picha zile kuta za mawe, wakatazama boti zikiingia kwenye chumba cha maji na kupandishwa taratibu mpaka upande wa juu. Lakini Merle hakuwa mtalii. Alizaliwa katika nyumba ya mlinzi wa lango, baba yake akiwa ndiye mlinzi, na yeye mwenyewe akaja kuuzungusha mkono wa chuma wa kufungulia malango kwa mikono yake miwili kwa miaka thelathini na mmoja. Hapo ndipo alipompata Lavonne. Msichana alikuwa ndani ya boti ya mjomba wake, na Merle akawaweka mle kwenye chumba cha maji dakika arobaini akisingizia kwamba lango limekwama. Lavonne alikisimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka hasira yake ilikuwa mbichi.

Alipiga simu kambi tisa, zikabaki tatu. Ya ng'ambo ya mto aliifuta aliposikia kwamba kila Ijumaa kuna mashindano ya kuimba. Zikabaki Kambi ya Mlimani na Kambi ya Chini, zote mbili za bustani ileile. Mlimani ni maili tatu za kona, na ukiwa huko mto huuoni hata ukisimama juu ya paa. Chini ni hatua mia mbili kutoka langoni, ila mto ukikasirika huingia mpaka kwenye meza za kulia.

Sikuwahi kumwona mtu akihangaika vile. Alikuwa na daftari lake la kambi tangu mwaka 1974, kila kambi na ukurasa wake: hapa nyuki, hapa treni, hapa jirani ana tarumbeta. Alilisoma lote kana kwamba jibu limejificha humo. Alikonda. Aliunguza maharage mara mbili kwa wiki moja, yeye ambaye hata chai haikuwahi kumchemkia kupita kiasi.

Hatimaye Opal, mwanamke anayesimamia kambi zote mbili, akamwambia kwa simu kwamba Kambi ya Chini masanduku ya umeme yamefungwa juu ya nguzo, kupita kichwa cha mtu, na kila nguzo ina vidaraja vya mbao vya kupandia. Lavonne akaweka simu chini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

"Kupita kichwa cha mtu, Dorothea! Hata maji yakija, umeme hautalowa."

Nilikubali. Merle naye kule sebuleni alikubali. Sisi watu wa kupiga kambi kando ya mito tunajiona wajuzi, na katika wajuzi watatu hakuna aliyeuliza swali la pili.

Tulifika Jumatano. Mimi ndiye niliyeendesha pikapu na kuvuta trela yao ya kulala, maana Merle alikuwa ameshanyang'anywa funguo, jambo ambalo hakumsamehe mkewe. Tukaweka vipande vya mbao chini ya magurudumu, tukapima kwa pimamaji, huku Merle akitoa amri dirishani.

"Kushoto kidogo, jirani! Kushoto! Ulikuwa unaendesha basi au mkokoteni?"

"Nitakusukumia mtoni na trela yako, mzee."

"Nisukume, nitaogelea."

Lavonne akapanda vile vidaraja, akachomeka waya, akasubiri taa ya kijani iwake kwenye mashine. Ikawaka. Kabla hata kahawa haijaiva alikuwa ameshapanda mara nne kuangalia kama plagi imeshika.

Merle alikwenda kuketi langoni, kwenye benchi, mtungi miguuni. Mlinzi wa sasa ni mtu mpole, akamwahidi kwamba Jumamosi boti za kwanza za msimu zikija, yeye Merle ndiye atakayeushika mkono wa chuma. Merle alivua kofia, akaivaa tena. Jioni alikula vipande viwili vya nyama ya kuoka na saladi yangu yote, na Lavonne akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha.

Alhamisi mbingu zilikuwa safi kabisa, ila maji ya mto yalikuwa yamebadilika rangi. Mvua ilikuwa imenyesha kaskazini siku mbili kabla, na mto ndio kwanza ulikuwa unatuletea habari. Kwenye ukuta wa lango, karibu na ngazi, baba yake Merle alikuwa amechonga alama zamani. Maji yakifika pale, zinabaki saa sita kabla hayajaingia kambini. Lavonne alienda kuitazama alama hiyo mara kumi na moja siku ile. Nilizihesabu.

"Vidole kumi chini ya alama," alirudi akasema. Baadaye, "Tisa." Baadaye, akihema, "Nane na nusu. Mzee, tuondoke."

"Yataishia viwili," Merle akasema.

"Umejuaje?"

"Mama, nimekaa na huu mto miaka mingi kuliko nilivyokaa na wewe."

"Basi mwambie mto akupikie."

Lakini hatukuondoka. Jumamosi ilikuwa karibu mno, na Lavonne hakuwa na moyo wa kumnyima mtu yule Jumamosi moja. Aliogopa kukaa na aliogopa kuondoka. Mimi nilikuwa naogopa pia, nikaficha kwa kukosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa saa tatu asubuhi Opal alipita trela kwa trela, viatu vya mpira miguuni.

"Jamani, saa sita kamili nazima umeme. Anzeni kufunga."

Lavonne akatoka na taulo begani. "Unazimaje? Maji hayajafika hata kwenye nyasi! Na masanduku si yako juu?"

"Yako juu ili yasiharibike, mama. Siyo ili yawake. Maji yakigusa ngazi ya tatu pale wanaposhushia boti, nazima kambi nzima. Ndiyo sheria yetu."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza," Opal akasema, bila ubaya. "Uliniuliza urefu."

Lavonne akaketi kwenye ngazi ya mlango wa trela. "Kambi tisa nimepiga simu," akaniambia. "Tisa. Nikauliza kitu kimoja, na kitu chenyewe sicho."

Nikauliza kuhusu Mlimani. Imejaa, Opal akasema, nafasi ya mwisho imechukuliwa sasa hivi. Watu waliokuwa na akili walikuwa wamehama alfajiri. Tulikuwa tumebakiwa na mitungi mitatu, yaani saa sita za pumzi, na nyumbani ni saa mbili. Kwenye karatasi hesabu hiyo inatosha vizuri, lakini ukiwa umesimama pale, na mashine ikinguruma ndani, na barabara moja tu ya kutokea yenye foleni ya matrela, haitoshi hata kidogo.

Merle alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.

"Yataishia vidole viwili chini ya alama," akasema.

"Mzee, hata yakiishia mwezini, umeme unazimwa saa sita!"

"Nilikuja kushika lango, Lavonne."

"Kesho hakuna boti. Maji haya hayapitishi boti, na wewe unajua kuliko mimi."

Alijua. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nipe mtungi mmoja, mama. Mmoja tu, na miwili ibaki ya barabarani."

Lavonne akanitazama. Mimi nikatazama magurudumu. Hilo halikuwa langu kuamua, na namshukuru Mungu kwa hilo. Akapanda ndani, akamvisha ule mpira wa puani, akafungua mtungi, akatazama saa yake. "Nusu saa," akasema. "Ikizidi nakukokota."

Nilifunga trela kwa dakika ishirini, roho juu, nikaiunganisha na pikapu, kisha nikaenda kuwachukua. Mlinzi alikuwa akimalizia kufunga malango kwa ajili ya maji yale, na alikuwa amemwachia Merle mizunguko ya mwisho. Merle alikuwa amesimama, mikono miwili juu ya chuma, amesukuma robo ya mzunguko, kifua kinampanda na kushuka. Mkono ule wa chuma haukwenda tena. Lavonne, aliyekuwa na saa mkononi, akaitia mfukoni. Akaja nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mumewe, wakausukuma pamoja mpaka lango likagusa jiwe.

"Leo halikukwama," akamwambia.

"Halijawahi kukwama," Merle akasema, akihema. "Nilikuwa nakutazama."

Lavonne akampiga begani, kidogo tu, kwa sababu ya mtungi.

Kwenye kambi za bustani ile kuna desturi: ukiondoka, unapita kwenye meza ya Opal na kuandika jina lako kwenye daftari la mwaka ujao, la sivyo nafasi yako inapewa mwingine. Wenyeji hawakosi. Pikapu ilipofika kwenye meza ile Lavonne alitazama upande wa pili, na nilijua kwa nini. Merle akanigusa bega. "Simama, jirani."

Opal akamletea daftari dirishani. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wa mtu aliyejaza vitabu vya boti maisha yake yote, akanipa mimi nirudishe. Nikasoma, maana mimi si malaika. Lavonne Hostetter. Kambi ya Mlimani. Juni. Watu wawili.

Nilifurahi, mjinga mimi. Nikamwambia, "Watu wawili. Vizuri, mzee."

"Wa pili ni wewe," akasema. "Akija peke yake atauliza maswali mpaka wamfukuze."

Lavonne alisikia. Alikuwa amekaa katikati yetu, akishika mtungi kwa mikono miwili. Maili zote zile alitazama mshale wa kipimo cha mtungi tu.

Tulifika nyumbani na mtungi mmoja haujafunguliwa. Jumapili Opal alipiga simu: maji yalisimama vidole viwili chini ya alama na kuanza kupungua, nyasi za kambi hazikulowa. Merle alisema "Nilisema" mpaka wakati wa chakula cha jioni. Majani ya mwaka ule hakuyaona yakianguka.

Juni iliyofuata tulikwenda Mlimani, wawili, kama ilivyoandikwa. Mimi na vitanda vya kambi hatupatani, mgongo wangu ni shahidi, lakini nilikwenda. Asubuhi ya kwanza niliamka sikumwona Lavonne kitandani. Nilimkuta nje, na gauni lake la kulalia, ameinama kwenye sanduku la umeme, ambalo huko Mlimani liko usawa wa magoti. Alikuwa ameishika plagi, akiikandamiza kwa kidole gumba. Ndani ya trela hapakuwa na mashine yoyote, ila taa yetu moja na birika la kahawa.

Nilitaka kumwambia. Nikaona nisimwambie.

"Imeshika?" nikauliza.

Akaikandamiza mara moja zaidi. "Imeshika," akasema.