Filta ya pikapu na kivuko cha Kisorya

Jamani, tangu asubuhi namlaani aliyekaza filta ya oili ya pikapu yetu.

Mwanangu Marwa yuko chini ya gari hapa uani Kigera, filta haitoki. Kaichoma na bisibisi, imechanika tu. Na leo lazima tuwahi kivuko cha Kisorya, dada yangu anazikwa kesho Ukerewe.

Nikachukua kamba ya wavu, nikaizungushia filta, nikaisokota kwa fimbo. Ikalegea.

"Mama, hii umejifunza wapi?"

"Miaka ile oili ilikuwa haipatikani. Nilikuwaga nakaza filta hivihivi, lisidondoke hata tone."

Marwa akatoa kichwa chini ya gari.

"Kwa hiyo na hii nilipoifunga, ulirudia kuikaza?"

Nikawatazama kuku.

Sasa anafunga mpya, fimbo kaikalia. Nichekeni haraka, halafu mniombee kivuko kichelewe.