Ndoa Niliyoifunga Dunguni

Ndotoni sijawahi kuwa na kigugumizi. Mchana nilikwama kwenye herufi ya kwanza kama gurudumu kwenye tope la Mitole, lakini nikilala nilisema kama kasuku. Niliwaamkia wazee, nilibishana, niliwatania watani zangu mpaka wakakimbia, na hakuna aliyenimalizia neno langu.

Kumaliziwa neno kuliniudhi kuliko kigugumizi chenyewe, na mpaka leo kunaniudhi. Mtu anakuona umefungua mdomo, anakuhurumia, kisha anakupa neno ambalo si lako. Zama zile za Mwingereza alipita karani wa kuandika majina ya wakulima. Nilipoanza kulitamka langu hakusubiri, akaandika alichodhani. Nikawa mtu mwingine kabisa katika karatasi za serikali, na mtu huyo sijakutana naye bado.

Mmoja tu alisubiri. Alikuwa binti wa ng'ambo ya bonde, niliyemkuta siku moja kisimani akivuta maji. Nilitaka kumwambia kamba ya ndoo yake inakatika, nikakwama. Yeye akaacha kuvuta, akanitazama usoni bila haraka yoyote, mpaka nikamaliza. Nilipofika mwisho wa maneno yangu, kamba ilikuwa imekwisha kukatika na ndoo imezama. Alicheka, ila aliicheka ndoo. Nilirudi nyumbani nimeshampenda.

Mjomba wangu, aliyenilea na kunisemea katika kila jambo, alikwenda kuniposea. Wazazi wa binti waliridhia, na ndoa ikapangwa baada ya mavuno. Furaha yangu haikudumu hata siku mbili. Kwetu bwana harusi huketi mkekani, mkono wake umo ndani ya mkono wa anayeozesha, na akishaambiwa kwamba ameozwa binti wa fulani, hujibu papo hapo mbele ya watu wote: nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyoafikiana. Ni maneno machache. Kwangu yalikuwa vilima vyote vya Matumbi, na nivipande kwa pumzi moja.

Mjomba alikuwa ameshalifikiria hilo. Alinieleza kwa upole kuwa dini inaruhusu wakili, kwa hiyo kaka yangu mkubwa angekaa mkekani na kukubali kwa niaba yangu. Najua aliniambia kwa mapenzi. Hata hivyo nilikasirika nikashindwa kula. Ikiwa hata mke wangu nitatamkiwa na mwingine, basi mimi nimeoa nini?

Msimu ule kazi yangu ilikuwa kulinda mahindi yasiliwe na nyani. Nikishaswali alfajiri nilipanda dungu, kile kichanja kirefu cha mlinzi wa shamba, nikakaa juu ya fito zake huku ukungu umelala juu ya mabua, shamba lote limekuwa jeupe na halina mwisho. Usingizi ulikuwa bado haujaniacha vizuri. Asubuhi moja, nikiwa hivyo, nusu huku nusu kule, nilihisi kwamba njia ya kurudi ndotoni haijafungwa. Nikajisemea, kama kule nasema, basi niwe naota kwa makusudi, kila siku, mpaka ulimi uzoee.

Nikaanza. Nilifumba macho nikatandika mkeka barazani kwao yule binti. Nikafukiza ubani. Nikamketisha shehe wetu, mzee mwenye kiganja kipana na cha joto, nikampa mkono wangu. Nilivaa kanzu ambayo hata haijashonwa. Siku za mwanzo sikufika mbali, maana kila nilipofungua mdomo binamu yangu, aliyekuwa na kicheko cha fisi, alicheka mle mle ndani ya kichwa changu. Nilimfukuza, akarudi. Mwisho nilimpa kikohozi, akawa anakohoa badala ya kucheka, nami nikapata nafasi ya kusema.

Na nilisema. Wiki zilipita, na kila alfajiri nilimuoa yule binti pale juu ya fito, kwa sauti safi iliyoteleza juu ya mahindi na kupotelea ukunguni. Baadaye sikuhitaji hata kujilazimisha. Mkeka ulikuja wenyewe, shehe akaja mwenyewe, na joto la kiganja chake nililihisi kweli mkononi mwangu. Sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile.

Asubuhi moja nilisikia jina langu likiitwa kutoka chini. Nilifumbua macho nikamwona mjomba, na nyuma yake nyani wanane wameketi mistarini wakimenya mahindi bila wasiwasi.

"Nyani wanakula," alisema, "na wewe unatabasamu."

Nilitaka kumweleza kwamba nilikuwa naoa. Nikafika kwenye herufi ya kwanza, nikaishia hapo. Aliondoka akitikisa kichwa, na siku ile ile akamwambia kaka yangu ajitayarishe. Nilibembeleza siku tatu, kwa maneno na kwa mikono, mpaka mjomba akakubali nijaribu mwenyewe, lakini kaka akae ubavuni mwangu. Nikikwama, yeye amalize.

Siku ilipofika, hakuna kilichofanana na nilivyokizoea. Mvua ya ghafla ilitufukuza barazani tukabanana ndani. Shehe wetu alikuwa mgonjwa, akaja mwalimu wa chuo cha Kurani, kijana mwembamba mwenye mkono mdogo na baridi. Ubani ulilowana. Nilipoushika ule mkono nisioujua, nilijua ulimi hautanitii. Kaka akajisogeza karibu.

Nikafumba macho. Nilipanda dungu langu, nikaketi, nikausubiri ukungu mpaka ukaja. Mkeka ukatandikwa, kiganja cha joto kikanishika, na nikajibu kwa sauti ile ile ya mashambani, neno baada ya neno, bila kukwama hata mara moja.

Nilifumbua macho. Mwalimu alikuwa ananitazama mdomo wazi.

"Subiri, bwana harusi," akasema. "Sijakuoza bado."

Nyumba nzima iliangua kicheko, na kile cha binamu yangu kilipita vyote. Kile kicheko nilichokuwa nakifukuza msimu mzima kilinifika, nami nikashangaa kuona hakiniumi. Hata mimi nilicheka. Mwalimu alipotulia akanioza kweli, na safari hii nilikuwa macho, hakuna dungu wala ukungu, kuna mvua tu na mkono wa baridi. Nikakwama. Nikakwama kwenye herufi ya kwanza, tena na tena, jasho likinitoka. Kaka akavuta pumzi ili amalize. Nikambana goti kwa mkono wangu wa kushoto, naye akaishusha pumzi yake. Nikaendelea kulisukuma lile neno mpaka likatoka, na yaliyobaki yakalifuata yakichechemea. Toka chumba cha ndani ukasikika mlio mmoja wa kigelegele, kabla hata ya wanawake wengine kujua kama tumemaliza.

Siku chache baadaye nilimuuliza mke wangu nani aliyepiga kigelegele kile. Aliona haya kidogo, maana biharusi hatakiwi kujipigia.

"Niliambiwa kaka yako ndiye atakayesema," aliniambia. "Kila asubuhi nikitwanga nilikuwa najisikilizisha sauti yako, ukikwama vile unavyokwama, mpaka umalize. Sasa siku yenyewe nikasikia mtu anakubali kwa maneno yaliyonyooka. Nikajua wameshakunyamazisha, nikaanza kulia. Kisha nikasikia unakwama."

Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tukiifunga ndoa ile ile kila asubuhi, mimi dunguni na yeye kinuni, ila katika yake nilikuwemo mimi. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilifungua mdomo, herufi ya kwanza ikagoma. Akaweka chini alichokuwa ameshika, akasubiri.