Mlalamishi Aliyekuja Langoni

Juma lililopita tulimzika adui yangu, na sasa nimebaki na majirani tu. Habari aliniletea fundi wangu, aliyefika kazini asubuhi akavua kofia kabla hata ya kunisalimia, akasema mzee wa ng'ambo ya barabara alilala na hakuamka. Wasomaji wa safu hii mnamjua. Nimemtaja hapa mara nyingi kama mtu aliyeichukia mashine yangu ya mbao kuliko mtu mwingine yeyote huku Silibwet, na nilikuwa nasema kweli. Leo namlilia. Nitaeleza kwa nini, na kuna wenzangu wa mtaa ambao hawatapenda maelezo hayo.

Kazi yake ilikuwa ukarani wa kituo cha majani chai, mpaka alipostaafu. Mnajua kazi hiyo: mkulima anamwaga majani yake mezani, karani anaingiza mkono mpaka chini, na akikuta majani yaliyokomaa au vijiti anavitoa kabla ya kupima. Makarani wengine huvitupa kando kimya kimya, halafu jioni wanakusema vibaya kwa wenzao. Huyu hapana. Alikuwa anakuita, anaufungua mkono wako mbele ya foleni nzima na kukuwekea majani yako mabaya kiganjani. "Mama, haya ni yako. Rudi nayo nyumbani." Watu walimkasirikia sana, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa na mtu wa pili kile karani alichosema juu yake.

Mimi nilikuja nchi hii kuchuma majani kwenye shamba la kampuni, na masomo yangu yaliishia darasa la nne. Hata ramani sijafundishwa kusoma, lakini mashine yangu niliinunua kwa mikono hii. Nilipoisimamisha, nyumba iliyokuwa karibu ni ya karani peke yake, kwingine kote ni chai. Baadaye wenye mashamba wakang'oa chai, wakakata ploti. Siku ya kuonyesha ploti nilikuwepo. Dalali ilimbidi apige kelele ili wanunuzi wasikie bei, maana upande huu wa ua tulikuwa tunapasua magogo kutoka Boito. Wakasikia bei, wakanunua. Wakajenga ghorofa kwa mbao zangu, wakazungusha ukuta, wakapandisha vipande vya chupa juu ya ukuta, kisha siku moja wakafungua dirisha wakashangaa kwamba kuna mashine. Hao ndio wasomi wetu. Mtu ana digrii mbili na hawezi kusikia msumeno mpaka awe amehamia.

Karani alisikia tangu siku ya kwanza, na siku hiyo hiyo akaja langoni. Nilimpa chai kwenye kikombe cha bati, akanywa yote. "Chai yako ni nzuri, mzee," akasema. "Kelele yako ni mbaya. Mashine yako inaamka kabla ya Mungu." Nikamwambia Mungu hana wateja wanaongoja mbao. Alicheka, akatundika kikombe kwenye msumari mlangoni, akaniambia kisiguswe kwa sababu atarudi. Akarudi, miaka yote hiyo. Akija anakunywa chai, ananitukana kwa heshima, anatundika kikombe chake na kwenda zake.

Wale wa ghorofa hawakuja hata mara moja. Asubuhi tunapeana mikono, chamgei, chamgei, na mwingine ananiomba unga wa mbao wa kutandika kwenye banda la kuku, nampa bure. Kumbe wamekwisha kuandikia kaunti. Walisema hapa ni eneo la makazi na kiwanda hakitakiwi. Walisema mashine inapasua kuta, inakausha maziwa ya ng'ombe, inavuta wezi. Walitaka ifungwe kabisa. Mtu wa umri wangu akifungiwa mashine hahamii kokote, anakwenda kukaa kwenye kiti na kungoja kufa, na vijana wangu wa kazi wanarudi barabarani.

Afisa wa mipango ya ardhi akaitisha baraza kwa chifu. Alikuja na ramani iliyopakwa rangi, na mahali pangu palikuwa pa manjano, eti makazi. Nikamuuliza ramani hiyo ilichorwa kabla ya mashine au baada yake. Akanijibu kwamba ramani huangalia mbele. Nikajua nimekwisha. Halafu nikamwona karani anasimama na fimbo yake, nikasema moyoni huyu sasa ndiye wa kunimaliza, kwa sababu kati ya wote waliokuwa pale ni yeye peke yake aliyekuwa na haki. Barua ya malalamiko haikuwa na jina hata moja, chini yake iliandikwa tu "wakazi". Karani akamwambia afisa asome neno moja moja, na kila mwenye lake asimame alichukue.

Afisa akasoma la kuta. Hakuna aliyesimama. Akasoma la maziwa, na bwana mmoja mwenye ng'ombe wa gredi akaanza kuchunguza viatu vyake. Karani akamgeukia. "Bwana, hayo maziwa yalikauka bila ng'ombe?" Baraza zima likacheka, na bwana akaendelea na viatu. Likafika lile la mashine kuanza saa kumi na moja alfajiri.

"Hilo ni langu," karani akasema. "Nimemwambia kwake nikinywa chai yake, na hapa namwambia tena. Aanze saa mbili. Sitaki afungiwe, nataka nilale."

Afisa akasema lalamiko lisilo na mlalamishi hawezi kulipeleka popote. Mimi nikakubali saa mbili mbele ya chifu, na mashine ikabaki.

Siku ya mazishi, majirani walimtuma naibu wa chifu aje kuniomba niizime. Alikuta imezimwa tangu jana yake, na vijana wangu wako ng'ambo wanapanga viti. Bwana wa ng'ombe alishika kipaza sauti, akasema yeye na marehemu walisimama bega kwa bega kutetea utulivu wa mtaa. Michai ya marehemu ilikuwa hatua chache tu kutoka nilipokaa. Kidogo ninyanyuke nichume jani lililokomaa nimwekee kiganjani.

Sasa fundi ameniuliza kama turudi saa kumi na moja, kwa kuwa wateja wa Roret wanangoja na mwenye makubaliano hayupo. Niliziangalia zile ghorofa. Ningefurahi sana kuona taa zao zikiwaka kwa kushtuka. Lakini nimemwambia ni saa mbili, vile vile. Watu hawa wanalala usingizi wa mtu mwingine, ulioombwa na mzee mmoja kwa sauti yake huku wao wakitazama viatu, na kwa kuwa haukuwa usingizi wao, sitauondoa. Mwenye neno na jirani yake ampelekee mkononi, au alimeze. Na kama kuna anayetaka saa tatu, lango liko pale pale. Kikombe cha bati kiko kwenye msumari wake, na mpaka leo naona vumbi tu ndilo lililokuja kukikalia.