Sahani Isirudi Tupu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nimejifungia chumbani mwangu Mji wa Kale, gitaa mapajani, nikirudia kipande kile kile cha wimbo hadi kidole gumba kikafa ganzi. Nilikuwa kijana wa bara, nimekuja kufanya kazi bandarini, na katika nyumba ile ya mawe sikuwa na wa kumwita ndugu. Huko Majengo kulikuwa na kikundi kilichopiga muziki harusini. Nilikwenda kujaribiwa, wakaniambia bila ubaya, "Rudi mkono wako ukishajua kukimbia." Wimbo ukiongeza kasi, mimi hubaki nyuma. Wala sikutaka muziki tu. Nilitaka mahali pa kukaa jioni, na watu wa kuniuliza jana nilikuwa wapi.

Chini yangu aliishi Mzee Shee, aliyefiwa na mkewe. Zamani alikuwa mpiga udi. Mara kwa mara alinipandishia sahani ya chakula, leo mahamri na mbaazi, kesho wali wa nazi. Nami nikila huisugua sahani ikang'aa, nikaiweka mlangoni kwake, nikarudi kwa gitaa langu. Nilidhani usafi ndio adabu yote. Ugenini, mwanangu, mtu huwa kipofu na macho anayo.

Alasiri hiyo nikamsikia akiita kutoka ngazini: "Ewe mtu wa bara! Ndoo hapa, shuka na hilo gitaa lako."

Nikashuka. Akaniambia nipige, nikapiga. Alicheka hadi akakohoa.

"Huko bandarini mwachukua mizigo vivi hivi? Mkono washuka na kitu, wapanda mtupu! Ukishuka wagusa uzi, ukipanda wapita tu. Nusu ya safari yako ni bure, utawahi vipi?"

Akatwaa kipande cha pembe alichokuwa akipigia udi, akanionyesha kwenye uzi mmoja wa gitaa: kushuka, kupanda, kushuka, kupanda, polepole, kifundo cha mkono kimelegea, na kila mpito una sauti yake. Kisha akageukia mlangoni. Alikuwa anaitazama sahani yake niliyoiacha mlangoni asubuhi, nyeupe, kavu.

"Na hiyo nayo," akasema kwa upole, "hupanda na kitu ikashuka tupu. Sitaki chakula chako, mwanangu. Hata ndimu moja yatosha, nijue kuna mtu huko juu."

Nilikuwa nikidhani upweke ni wangu peke yangu, kumbe ulikuwa umepanga vyumba viwili.

Nikaanza upya, uzi mmoja, kama mtoto anayefunzwa kutembea. Sahani nayo ikawa inashuka na viazi vitamu, embe bichi, ndimu. Jioni tulipiga pamoja, udi wake na gitaa langu, na nilipokosea alikohoa tu.

Siku Majengo waliponikubali, nilinunua halua, nikaipanga kwenye sahani yake, nikashuka mbio kumpa habari. Nikakuta kufuli. Jirani akaniambia mzee amezidiwa, mwanawe amekuja kumchukua kwenda Lamu. Hakurudi tena. Kikundi nilikipata, na harusi nyingi nilipiga, lakini sahani ninayo hadi leo.

Siku hizi mwajifunza gitaa kwenye simu, masikio yamezibwa, milango imefungwa, wala hakuna wa kuwacheka. Basi sikiza. Piga ukishuka, piga na ukipanda. Usiifukuze kasi, itakuja yenyewe mkono ukiacha kurudi bure. Na mtu akikupandishia wema, mpelekee chako, hata kiwe kidogo, kwani mkono mtupu haulambwi. Usingoje hadi uwe na habari kubwa ya kumpa. Bisha hodi leo, na ndimu yako moja.

Mungu akulainishie mkono, akujalie jirani wa kukohoa ukikosea, na kila mlango utakaoushukia na sahani uukute wazi.